Maji Hakuyaweka Baba

Sifa zimrudie Bwana, ndugu zangu! Nimesimama kueleza jinsi Mungu alivyonitoa kwenye shaka iliyonikausha moyo.

Baba yetu alikuwa Mwislamu, mama Mkristo. Walipofariki, mimi mkubwa niliacha shule nikashika jembe. Mdogo wangu Juma alichukuliwa na baba mdogo kule Kisanga, akalelewa msikitini. Mimi nilibaki hapa Rudewa kwa mama mdogo, nikalelewa kanisani. Hatukugombania dini hata siku moja. Idi nilikula kwake, Krismasi akala kwangu.

Kisha Juma akaenda chuo, Morogoro. Aliporudi alikuwa haswali tena. Siku moja tukipukuchua mahindi akaniambia, "Dada, siku ile tulipogawanywa wangetubadilisha, leo wewe ungekuwa Mwajuma wa ushungi, na mimi mzee wa kanisa! Sasa Mungu yuko wapi hapo? Ni malezi tu."

Nilicheka, lakini neno lile liliingia. Kila nilipopiga magoti nilijiuliza: namwomba Mungu, au naendeleza mazoea ya mama mdogo? Ndugu zangu, kwa mtu aliyezika wazazi wote wawili, sala ndiyo nguzo iliyobaki. Kwaya niliimba, midomo ikicheza, ndani kimya.

Kiangazi kikaja, bomba likakauka. Nilikwenda na Juma kuchimba maji kwenye mchanga wa mto. Tulimkuta jirani yetu Bi Mwanahawa ameshachimba shimo lake. Upande wa pili alikuwapo mama wa Kimasai, na ninyi mnajua ugomvi wa mashamba uliopo kati yetu na wafugaji. Naye alikuwa na shimo lake. Maji yalipojaa, Bi Mwanahawa akasema bismillahi, akachota. Yule mama akanyunyiza kidogo chini akimtaja Mungu kwa lugha yao. Nami nikajisikia nasema, "Asante, Bwana," kabla sijafikiri.

Juma akacheka. "Mnaona? Kila mtu na wimbo aliofundishwa!"

Nikamuuliza, "Nani alinifundisha kuchimba hapa?"

"Baba."

"Na maji, aliyaweka baba?"

"Mjibu dadako, msomi!" akadakia Bi Mwanahawa.

Juma akajikuna kichwa. "Lakini dada, mtu anaweza kufundishwa kuchimba pakavu."

"Kweli kabisa. Atajua akichimba. Akikaa ukingoni kubisha, hatajua."

Ndugu zangu, sikushinda mdahalo. Juma hajarudi msikitini, wala kanisani hajaja. Mimi ndiye niliyefunguliwa pale, miguu kwenye tope! Niliona kwamba jambo haligeuki uongo kwa sababu ulifundishwa. Nikaona pia hamu ya kumshukuru Mungu ndani ya watu ambao hawali sahani moja. Mimi namjua kwa jina la Yesu, na sitaliacha. Ila simcheki tena anayemwinamia kwa namna nyingine.

Namshukuru Mungu aliyenirudishia sala. Nawe uliyekaa hapo, unayeimba kwa mdomo tu, usisubiri mabishano yaishe. Mwite leo, hata kwa maneno ya kurithi. Anasikia.