Uso Uliotengenezwa Jumatatu: Wasifu wa Mashoto

Marehemu tuliyekusanyika kumsindikiza alizaliwa Jumatano, tarehe 14 Machi 1962, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya ghala la reli. Baba yake alikuwa fundi cherehani na mama yake mkunga. Alikuwa binti, mtoto wa kwanza. Miaka minne baadaye alizaliwa mdogo wake wa kike, na nyumba hiyo haikupata mtoto mwingine. Tangu alipoanza kushika kijiko alikishika kwa mkono wa kushoto, wakamwita Mashoto, na jina hilo likamfuata shuleni, kazini na kwenye ndoa.

Alianza darasa la kwanza Januari 1969. Mwalimu wake alimfunga mkono wa kushoto kwa kitambaa kwenye kiti mpaka akajifunza kuandika kwa mkono wa kulia. Aliandika hivyo maisha yake yote, kwa mwandiko mbaya aliouonea aibu. Siku alipolia nyumbani, baba yake alimwekea mkasi mezani na kumwambia, "Mwalimu kachukua kalamu tu. Haya mengine yote bado ya kwako." Kukata, kushona, kumenya na kupiga misumari alifanya kwa kushoto. Alimaliza kidato cha nne mwaka 1979, akasomea ufundi wa plasta za kufunga mifupa kwa mwaka mmoja, na tarehe 1 Septemba 1981 akaajiriwa katika chumba cha plasta cha hospitali kuu.

Wengine mliopo hapa mlipita mikononi mwake mkiwa mmevunjika mguu au mkono. Mnakikumbuka chumba chenyewe: kitanda cha chuma, karai la maji ya uvuguvugu, bendeji zilizopangwa rafuni, na yeye mwenye aproni iliyojaa unga mweupe wa plasta. Kwa watoto waliopiga kelele alikuwa na dawa yake. Plasta ikishakauka, alichukua kalamu ya wino na kuwachorea juu yake uso wa mtu wanayemjua: bibi, dereva wa basi la shule, au daktari mwenyewe. Mwanzoni mwa 1994 daktari wa mifupa alikutana na uso wake kwenye goti la mtoto wa miaka sita.

"Nani kachora hii?"

"Mimi, daktari. Nitaufuta."

"Usiufute. Ila pua yangu si kubwa hivyo."

"Daktari, mimi nilipima."

Ni daktari huyo aliyemwambia kuhusu warsha ya uchoraji na uchongaji iliyokuwa ikiendeshwa ghorofani, katika jengo lililowahi kuwa kiwanda cha uchapaji. Ilikuwa ya wiki kumi, siku sita kwa wiki, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Mashoto aliomba likizo yote aliyokuwa amelimbikiza, na Jumatatu ya tarehe 5 Septemba 1994 akapanda ngazi zile akiwa na miaka thelathini na miwili. Wanafunzi walikuwa kumi na wawili. Mwalimu waliyemwita Kipimo alimuuliza kila mmoja amekuja kutafuta nini.

"Nataka kujua kama mkono huu unaweza," Mashoto alisema. "Kama hauwezi, niambie ukweli, nirudi kwenye plasta yangu."

"Hapa utaambiwa," Kipimo alimjibu.

Neno hilo alilishika kama mkataba. Alilirudia nyumbani jioni ile, na familia yake ilimsikia akilirudia kwa miaka.

Kipimo alifundisha kwa njia ya zamani. Madirisha ya chini yalizibwa kwa karatasi ili mwanga uingie kutoka juu, upande mmoja. Wiki tatu za kwanza walichora kwa mkaa tu: mkono umenyooshwa, jicho moja limefumbwa, kijiti kikipima kichwa kinaingia mara ngapi kwenye mwili. Wiki mbili zilizofuata walipaka rangi ya mafuta, kwanza nyeusi na nyeupe peke yake, kisha wakaongezewa nyekundu na njano. Wiki tano za mwisho zilikuwa za udongo. Amri ilikuwa moja: mkono wa mwalimu hauingii kwenye kazi ya mwanafunzi. Akitaka kumsahihisha mtu, Kipimo alichora pembeni mwa karatasi, au alikanda kipande kingine cha udongo na kukiweka kando. "Kazi yako ife au ipone mikononi mwako," alikuwa akisema.

Aliyekaa mbele yao alikuwa mzee mmoja mstaafu wa kubeba mizigo stesheni, nao wakamwita Mkaaji kwa kuwa kazi yake sasa ilikuwa kukaa. Nyayo zake zilizungushiwa chaki kwenye jukwaa ili akishuka kunyoosha mgongo arudi palepale. Kila mapumziko alizunguka kukagua. "Mashoto mwanangu, leo sikio langu umelihamishia wapi?" Naye alimjibu, "Nimelisogeza karibu, babu, unisikie nikikwambia utulie."

Mashoto alimfinyanga Mkaaji ameketi, mikono magotini, urefu wa nusu ya mtu. Miguu ilimjia upesi, kwani mifupa alikuwa akiijua kwa kuishika. Uso ulimsumbua wiki nzima.

Jumapili ya tarehe 30 Oktoba ilikuwa zamu ya mwanafunzi mwenzao, fundi wa fremu za picha, kwenda kulowesha vitambaa vilivyofunika udongo. Hakwenda. Kulikuwa na mpira. Sanamu ya Mashoto ndiyo iliyokuwa karibu na dirisha, na Jumatatu asubuhi walikuta uso wake umepasuka kutoka paji hadi kidevu, nusu yake iko sakafuni. Mashoto hakuwepo. Lori lilikuwa limepinduka na wafanyakazi wa kiwanda, na hospitali ikamwita asaidie kufunga mikono na miguu ya watu. Mwalimu Kipimo akafunga mlango wa studio. Akamkalisha Mkaaji, akavua saa, na kwa siku nzima yeye na fundi wakaujenga uso upya. Wanafunzi wengine kumi waliombwa wasiseme.

Jumanne Mashoto aliingia, akafunua kitambaa, akasimama akitazama. Kisha akasema, "Kumbe kupumzika siku moja kunasaidia! Niliuacha uso mzuri kuliko nilivyokumbuka."

Hakuna aliyeinua macho kutoka kwenye kazi yake. Mkaaji, ambaye hakuwahi kukosa la kusema, aliomba maji ya kunywa.

Kutokana na sanamu ya udongo ilitolewa nakala ya plasta, na plasta aliikoroga na kuimimina marehemu mwenyewe. Ikapakwa rangi ya kahawia nzito na kuwekwa ukumbini juu ya nguzo fupi, na kibao chenye jina lake chini. Kwa ajili ya sanamu hiyo alipewa kazi ya kufundisha udongo hapohapo mwaka 1996, warsha ilipogeuzwa shule, na Januari 1997 akaacha hospitali. Alifundisha miaka kumi na saba. Wanafunzi wake wanasema alikuwa mkali na hakusifu kwa urahisi. Mwenye kazi mbaya alimwambia ni mbaya, akimtazama usoni, kisha akavuta kiti na kukaa naye mpaka ielekee kuwa nzuri.

Alifunga ndoa na fundi wa fremu Jumamosi, tarehe 19 Agosti 1995. Alimwita Fundi siku hiyo na siku zote. Walijaliwa binti mwaka 1996 na mwana mwaka 1999. Fundi alikuwa mume mpole na baba wa kutegemewa, na haitakuwa haki kusema vinginevyo mbele yake. Katika chakula cha harusi bibi harusi alisimama na kusimulia kisa cha siku ya mapumziko na uso uliojitengeneza wenyewe. Meza ya wanawarsha ilicheka kwa nguvu kupita kiasi. Yeye akadhani wamefurahi, akakisimulia tena.

Tarehe 10 Julai 2013 shule ilikuwa ikihamia jengo jipya. Marehemu alipanda kwenye stuli na ndoo ya maji ili kuondoa rangi ya kahawia ya sanamu yake, iliyokuwa imeanza kubanduka. Chini ya rangi zilitokea alama za kisu cha udongo, kama plasta ilivyozihifadhi. Kwenye magoti, mikono na kifua zililala kuanzia juu kushoto kwenda chini kulia, kama anavyokata mashoto. Kuanzia shingoni kwenda juu zililala upande wa pili, kama za anayekata kwa mkono wa kulia.

Mfagizi aliyekuwa amemshikia stuli alimuuliza, "Mwalimu, mbona umeganda?"

"Shika ndoo," alisema. "Nashuka."

Alimkuta Fundi uani nyumbani akipiga randa ubao.

"Fundi, uso wa Mkaaji aliufanya nani?"

Fundi aliweka randa chini. "Nani kakwambia?"

"Wewe. Sasa hivi."

Siku ya tatu alikwenda kwa Mwalimu Kipimo, ambaye wakati huo alikuwa na miaka themanini na moja na macho yake yalikuwa na mtoto wa jicho. Mzee hakukana.

"Nilitaka usivunjike moyo, binti yangu."

"Ungeniacha nivunjike, mwalimu. Mimi kazi yangu ilikuwa kuunga waliovunjika, ningejiunga. Nilikuja kwako kuuliza swali moja, ukaniambia hapa utaambiwa."

"Ulikuwa unaweza. Nilijua unaweza."

"Wewe ulijua. Mimi sitajua tena."

Hakurudi kwake, wala kwenye maziko yake mwaka 2016. Shule aliirudishia funguo wiki ileile ya Julai 2013 na kuomba kibao kiandikwe majina matatu. Iliandikiwa barua nne. Kibao kina jina moja hadi leo.

Nyumba hakuihama. Alikula meza moja na Fundi, alimfulia na alimuuguza alipougua mgongo. Lakini Fundi alipomwomba msamaha, na aliomba mara nyingi, jibu lilikuwa lilelile: "Umeniomba msamaha wa kusahau maji, Fundi. Huo ungeupata Jumanne ileile. Niombe wa miaka kumi na tisa." Fundi hakujua huo unaombwaje, akarudi kwenye mbao zake.

Kilichomkata zaidi ni idadi. Mwalimu, mume, Mkaaji na wenzake kumi walijua, walikula keki yake, walileta zawadi za watoto, na kila alipokisimulia kile kisa walicheka pamoja naye. "Nimeishi kama mtu aliyeshonewa nguo kinyume," alisema, "na mtaa mzima unamsalimia."

Michoro yake ya mkaa ya 1994 alikuwa ameitunza, na humo mlikuwa na kichwa cha Mkaaji kutoka pande zote. Kuanzia 2014 alikifinyanga upya chumbani kwake, kwa mkono wake, peke yake. Alitengeneza vichwa tisa kwa miaka saba. Vinane alivivunja, kwa kuwa hakuna kilichoufikia ule uso wa Jumatatu, na jicho lake halikumdanganya. Cha tisa alikimaliza Februari 2021, akamwita binti yake aje aone.

"Mama, hiki kimependeza."

"Usianze na wewe. Taya limekwenda pembeni na jicho moja limezama. Ni kibaya." Akakifuta vumbi. "Lakini ni changu."

Picha ya kichwa hicho ndiyo iliyo kwenye jalada la ratiba mliyoshika.

Mwishoni mwa mwaka huohuo aligundulika moyo wake umetanuka. Alipanda ngazi kwa shida, kisha akaacha kuzipanda. Tarehe 2 Mei 2024 alilazwa katika hospitali aliyoitumikia miaka kumi na mitano, na wauguzi wazee walikuja kumtania kwamba ameona plasta haitoshi, sasa anataka na kitanda. Jumapili ya tarehe 12 alibaki na mdogo wake, akampa maagizo ya wasifu huu. Asitaje kwamba marehemu alisamehe. Watu watapenda kusikia hivyo, alisema, lakini si kweli, na yeye ameshasemewa uongo wa kumfurahisha kwa muda mrefu.

"Uusome wewe," alimwambia. "Fundi hawezi, na watoto watalia. Halafu wewe ndiye pekee ambaye hukujua." Akamgeukia. "Au ulijua?"

"Hapana, dada."

"Basi uusome wewe."

Alifariki Alhamisi, tarehe 16 Mei 2024, saa nne asubuhi, akiwa na miaka sitini na miwili.

Aliagiza ukweli, na mmoja bado haujasemwa. Juma moja kabla ya harusi ya 1995 Fundi alikwenda kwa mdogo wa Mashoto, akamweleza yote na kumuuliza amwambie bibi harusi au asimwambie. Shemeji yake alimjibu, "Usituharibie harusi. Mwambie baadaye." Yeye mwenyewe hakusema baadaye, wala 2013, wala alipoulizwa kitandani na mtu aliyebakiwa na siku nne. Mdogo wake huyo ndiye mnayemsikia akisoma. Alijua kwa miaka ishirini na minane na miezi tisa.

Marehemu ameacha mume, binti, mwana, wajukuu wawili, mdogo wake mmoja, wanafunzi zaidi ya mia tatu, na kichwa kimoja cha udongo ambacho hakuna mkono mwingine uliokigusa.

Apumzike, Mungu akimpa amani ambayo sisi tuliompenda tulimnyima.