Kaseti, Kaka Yetu Aliyeongea kwa Nyimbo

Ndugu waombolezaji, mimi ni dada wa marehemu, kitinda mimba. Nimepewa kazi hii kwa sababu mabinti zake wamesema hawataweza. Wala mimi siwezi, ila nitajikaza.

Kaka yetu alizaliwa tarehe 9 Machi 1957, mtoto wa kwanza wa fundi cherehani, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stendi. Alimaliza sekondari mwaka 1975. Alama zake leo tuzisitiri, maana kichwa chake kilijaa nyimbo. Kila Jumamosi kipindi cha muziki kikianza redioni, alifunga mlango, akaweka kidole kwenye kitufe cha kurekodi, na ole wako ukohoe! "Mtangazaji naye, si anyamaze!" alinong'ona huku amekunja uso. Ndiyo maana tukamwita Kaseti, na hata mama akalizoea jina hilo.

Mwaka 1978 aliajiriwa katika kiwanda cha nguo, akawa fundi wa mitambo hadi alipostaafu mwaka 2012. Wenzake wanasema mashine zilipiga kelele naye akaimba juu ya kelele hizo.

Mwaka 1983 alimwoa wifi yangu, muuguzi. Huyo alikuwa amemwomba amrekodie wimbo mmoja tu. Kaka akamrudishia kaseti yenye wimbo huohuo pande zote mbili, mwanzo hadi mwisho.

"Wewe, mzima kweli?" wifi alimuuliza.

"Si ulisema unaupenda?"

Walijaliwa mabinti wawili. Wifi alitangulia mbele ya haki mwaka 2016, na tangu hapo kaka hakuwa yule tena.

Juni 2021 alipatwa na kiharusi, maneno yakamwisha. Alitaka kuomba maji, ulimi ukagoma, akalia, mtu mzima yule. Kisha asubuhi moja akaimba. Kuongea hawezi, kuimba anaweza! Daktari alituambia hutokea. Lakini zilimjia nyimbo za ujana wake tu, na wanawe hawakuzijua. Wakanipigia simu: "Shangazi, baba anaimba habari za mvua. Anataka nini?" Nikawaambia, "Wimbo huo una ubeti wa blanketi. Anasikia baridi, mfunikeni." Nikafunga virago, nikahamia kwake. Tulicheka pia, jamani. Akinichoka, aliniimbia ule wa mgeni asiyejua kuaga.

Jumanne iliyopita, tarehe 14, asubuhi, alinishika mkono akaimba wimbo nisioujua. Ulikuwa wa taratibu. Nikamletea maji, akatikisa kichwa. Nikamfunika, akatikisa kichwa. Nikawaita mabinti, akawatazama, akauanza upya polepole, kama anayemfundisha mtoto.

"Kaka, huu siujui," nikamwambia. "Wallahi siujui. Niimbie mwingine."

Akaniachia mkono. Kabla ya adhuhuri alikata roho. Naumia, ndugu zangu. Kuna kitu alikitaka, mimi nilikuwa pale, na sikumpa.

Ameacha mabinti wawili, mkwe mmoja, wajukuu wanne, na mimi. Mungu amlaze pema, apate utulivu alioukosa miaka hii.

Wengine wenu hapa ni wa rika lake. Sauti sina, lakini tukishamzika nitakaa pale kwenye benchi, na yeyote atakayekuja nitamwimbia wimbo huo kadiri nilivyoushika. Anayeujua, tafadhali, asiondoke kabla hajaniambia kaka yangu alikuwa anaomba nini.