Uvimbe Wangu Haukutumwa na Mama Mkwe

Bwana asifiwe, watu wa Mungu! Itikieni vizuri, maana leo nimesimama na furaha, lakini hasira pia ninayo.

Mnanijua, mimi ni Mama Kabula, nauza mchele hapa Nyahanga. Nilipoota uvimbe kwenye titi, shemeji zangu walikimbilia kwa mganga. Akapasua kuku, akachungulia matumbo, akasema, "Aliyemtupia yuko jikoni kwake. Macho yake mekundu." Ndugu zangu, jikoni kwangu yuko mama mkwe tu! Amepikia samadi ya ng'ombe maisha yake yote. Moshi ule ungemwacha nani na macho meupe?

Mkaacha kumwamkia. Ndiyo, ninyi! Vijana wakaanza kuulizana bibi analala chumba gani. Sisi Wasukuma tunajua swali hilo huishia kwenye panga.

Nikamshika mkono, tukapanda basi kwenda hospitali. Wakanikata kinyama kidogo, wakakipima. Majibu yalipotoka, daktari akatueleza kwamba seli haijigawi hivi hivi, inangoja kuagizwa. Vichocheo vya ukuaji hubisha hodi nje, kwenye vipokezi vyake. Habari inapelekwa ndani mpaka kwenye kiini, na huko protini fulani zinawasha jeni za kugawanyika. Hodi ikikoma, kazi inakoma. Lakini seli zangu zilikuwa na vipokezi kupita kiasi, zikawa zinasikia hodi hata pasipo mgeni, zikagawanyika bila kukoma; ndiyo kansa yenyewe.

Mama mkwe akauliza kwa sauti ndogo, "Kwa hiyo siyo mimi?"

Ndugu zangu, mpaka yeye mwenyewe alishaanza kujishuku! Daktari akamwambia, "Siyo wewe, bibi. Siyo mtu yeyote." Hapo nililia, na si kwa ajili ya titi.

Nimepasuliwa, nimetundikiwa dawa kali za kansa na ile ya kuziba vile vipokezi, nywele zimenyonyoka na zimerudi. Vipimo sasa ni safi. Haleluya! Namshukuru Yesu aliyenitoa kwenye kansa, akamtoa na mama kwenye panga. Lakini ninyi mnaonipigia vigelegele huku mnamkwepa mama, mnamshukuru Mungu kwa lipi?

Wewe mwenye uvimbe unaouficha, mtumaini Bwana, uende hospitali mapema. Kuku mwache atage.

Na mama huyu hapa, benchi zima la mbele amekaa peke yake. Sisemi amina mpaka nisikie shikamoo.