Kichwa cha Samaki ya Bakwe

Treni kutoka Bukama ilikuwa inakaribia Kamina, na Papa Lumbala alikuwa ameshatueleza sote kwamba amemaliza masomo ya mtaalamu wa kutoa ushahidi kwenye tribinali. Breve yake, cheti cha plastiki, ilining'inia shingoni kwa kamba kama kengele ya mbuzi.

Mama Mwajuma, aliyeketi kando yake, akafunua kitunga cha zawadi ya wakwe zake na kupiga kelele. "Samaki yangu ya bakwe! Kichwa iko wapi? Nikibapelekea samaki bila kichwa, batasema ninabazarau!"

"Usiguse, mama," akasema Papa Lumbala. "Banatufundisha: kwanza kuchunguza." Akainama, akanusa. Abiria wakampisha nafasi, maana huku kwetu plastiki ya shingoni inaogopwa kuliko bunduki. "Nahakikisha kitu moja: huyu samaki alikufa."

"Miye njo nilimuua na kumukausha!"

"Basi mushukiwa wa kwanza iko weye."

Mama Mwajuma akamkazia macho. "Na ile gamba ya samaki mu ndevu yako?"

Papa Lumbala akajipangusa polepole, kwa heshima zote za tribinali. "Pole, mama. Mutalamu hatoe ushahidi mu kesi yake mwenyewe. Njo somo la kwanza."

Treni ikasimama. Mama Mwajuma akabeba kitunga kwa mkono mmoja, na kwa mwingine akaikamata kamba ya breve, pamoja na shingo iliyokuwa ndani yake.

"Twende kwa bakwe," akasema. "Kule kesi iko yangu."