Mama Bado na Neno Alilolingoja Miaka Tisa

Wasikilizaji wapendwa, kama redio yako iko chini, ongeza sauti kidogo. Leo namkumbuka mtu ambaye wengi wenu mmekaa mbele yake mkalia mpaka leso zikalowa. Ni Mama Bado. Amefariki Jumanne kwa ugonjwa wa moyo, akiwa na miaka sitini na mmoja.

Alikuwa mshauri nasaha. Alisomea saikolojia, na alimwamini Kristo, na hivyo viwili hakuvitenganisha. Chumba chake kilikuwa nyuma ya kanisa, kile cha kutundikia majoho ya kwaya. Viti viwili vya plastiki, feni inayolialia, na Biblia juu ya stuli. Biblia iliyofungwa. Haikufunguliwa mpaka useme mwenyewe, kwa maneno yako, ulichotendewa. Ukijitia moyo mweupe, "Nimeshasamehe, mama, tuombe tu," alikutazama akasema, "Bado." Jina likamganda hapo.

Fundi mmoja wa kuchomelea vyuma alisikia "bado" miezi saba. "Nilimwona mkaidi kweli," ananiambia. "Mwezi wa nane ndipo nikamtaja aliyeniumiza. Nililia kama mtoto. Nikamsikia anavuta stuli, anafungua Biblia."

Lakini nitakuwa mnafiki nikiishia hapo. Neno hilo halikuwa lake. Alipewa na mama mmoja, na alipewa siku mbaya.

Miaka tisa iliyopita mshauri wetu alisifika kwa kasi. Vikao vitatu, maombi, umepona. Akaletewa binti wa miaka ishirini na miwili, mshona sare za shule. Baba yake mdogo alimnajisi alipokuwa mtoto. Kikao cha tatu, mshauri akamwita huyo baba mdogo, pamoja na wazee wa kanisa. Binti akaambiwa aseme, "Nakusamehe." Akasema. Wakapeana mikono. Watu wakapiga makofi. Mshauri akaandika kwenye faili: Amepona.

Siku ya kumi na mbili, yule binti alijitoa uhai. Narudia, wasikilizaji, siku ya kumi na mbili. Alifanyaje, hilo halituhusu.

Mshauri alikwenda nyumbani kwao, akapiga magoti mlangoni, akaomba msamaha. Mama wa binti alikuwa anakunja sare ambazo mwanawe hakuwahi kuzitia vifungo. Hakupandisha sauti. "Ulimwombea mwanangu haraka haraka, kama mtu anayefunga duka mvua ikija," alisema. "Na mimi unataka nikusamehe leo? Bado."

Alirudi mwezi uliofuata, na kila mwezi baada ya huo. Msamaha hakuuomba tena. Walifua pamoja, walikunja nguo. Wakati wa kuaga mshauri alimtazama mama usoni, na mama akatikisa kichwa. Miaka tisa hivyo hivyo. Mdogo wa kiume wa mshauri, kinyozi, hali hiyo ilimchosha. "Nilimwambia, dada, Mungu si ameshakusamehe? Akanijibu, 'Mungu ndiyo. Lakini mwenye mtoto ni yule.' Huyo dada, hata chai ikichemka alisema bado. Tulikuwa tunamcheka. Sasa natamani anikere tena."

Jumapili iliyopita, saa ya kutazama wagonjwa, mama wa binti aliingia wodini. Hakuitwa na mtu. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akamshika mshauri mkono. Mchungaji alikuwepo, akamwinamia. "Mama, mwenzako anaondoka. Sema neno moja, aende kwa amani."

Mama akafungua mdomo. Mgonjwa, ambaye tangu asubuhi hakuwa ametamka kitu, akainua kiganja kumzuia.

"Mchungaji, usimharakishe," alisema. "Mimi nilifanya hivyo hivyo. Bado."

Jumanne asubuhi roho ikamtoka. Neno alilolitamani miaka tisa lilifika mlangoni, naye akalizuia kwa mkono wake mwenyewe. Inaniuma, siwafichi.

Jana nilimpigia simu yule mama. "Sijamsamehe," aliniambia. "Ningesema siku ile ningekuwa namridhisha mchungaji, naye alilijua hilo. Lakini nitakuwa nakwenda kaburini kwake kila mwezi, kama alivyokuwa anakuja kwangu. Siku nitakayokuwa tayari, nitamwambia palepale."

Pole sana, ndugu yetu kinyozi, wewe na nyumba yenu yote. Pole, mama wa binti, maana na wewe umefiwa, na sasa ni mara ya pili. Mungu ambaye hakuwahi kuwaharakisha akae karibu nanyi.

Na wewe unayenisikiliza. Yupo mtu humo ndani kwako uliyemwambia, "Yamepita, samehe tuendelee." Ulimuuliza yalikuwaje? Kamuulize leo. Akianza kusema, zima redio. Hata mimi nizime. Msikilize yeye mpaka amalize.