Kilichobaki Kwenye Mashine ya Stoo

KARANI: Haloo? Haloo, shemeji?

FUNDI: Nani mwenzangu? Sauti inakwaruza.

KARANI: Mimi, wa stoo. Mdogo wa mkeo.

FUNDI: Ah, shemeji! Habari za kiwandani? Dada yako ame—

KARANI: Nzuri, wazima, wote wazima, salamu tumemaliza. Nisikilize. Wewe si ndiye fundi wa kompyuta?

FUNDI: Leo umekiri. Siku zote unaniita mpanguaji wa redio.

KARANI: Shemeji, sina utani. Nilijaza ile fomu.

FUNDI: Fomu ya malalamiko ya mtandaoni, ya wakaguzi? Ya gundi?

KARANI: Ndiyo. Majina kumi na moja, wote wa chumba cha gundi. Jana, saa ya chakula.

FUNDI: Ulijazia wapi?

KARANI: Hapa hapa stoo.

FUNDI: Usiniambie.

KARANI: Simu yangu ni ya tochi, ningejazia wapi? Kiganjani?

FUNDI: Kwenye mashine yao! Mezani kwao! Shemeji, mimi nilifukuzwa hapo hapo kwa daftari la majina. Mgomo wa vyoo, unakumbuka? Tulikuwa kumi na tisa. Daftari likaokotwa chini ya benchi, wakatusoma jina moja moja kama watoto wa darasani. Miaka kumi na miwili, na bado namsikia yule mzee wa ofisini akitamka langu.

KARANI: Ndiyo maana nakupigia wewe. Meneja ameacha kikaratasi mezani: saa nane anakuja mtu wa mitambo, kwa kompyuta hii.

FUNDI: Sasa hivi saa saba na—

KARANI: Na arobaini. Historia nimeshafuta, lakini nikigusa herufi kwenye lile sanduku la jina, majina yanamwagika! Nimeandika M tu, Mama Pacha huyo, na namba yake ya simu juu!

FUNDI: Polepole. Historia ni kabati moja. Ulichoandika kwenye fomu kinakaa kabati lingine. Kivinjari kimekuwekea ili kesho usichoke kuandika.

KARANI: Nani alikituma!

FUNDI: Hakitumwi. Rudi pale ulipofutia. Muda umechagua upi?

KARANI: Nimebonyeza tu futa. Hapa pameandikwa... "saa iliyopita".

FUNDI: Basi umefuta ya saa hii tu. Ya jana imekaa palepale inakutazama.

KARANI: Yesu wangu.

FUNDI: Weka "muda wote". Kisha shuka, kuna mahali pa data ya kujaza fomu. Tia tiki. Tia tiki kila—

KARANI: Ngoja. Ngoja kwanza nione hiyo ya jana.

FUNDI: Hakuna kuona, futa!

KARANI: Shemeji, haya si yangu.

FUNDI: Yapi?

KARANI: (kwa sauti ya chini) Humu kwenye historia mtu ametafuta: "Gundi ya viatu na ganzi ya vidole." "Mvuke wa gundi na mimba changa." "Mfanyakazi akiugua, kiwanda kinawajibika?" Yote Jumamosi, wiki sita zilizopita.

FUNDI: Labda mmoja wenu—

KARANI: Jumamosi stoo haifunguliwi. Ufunguo wa pili anao meneja peke yake.

(Mawasiliano yanakwaruza.)

FUNDI: Haloo? Rudia, wiki ngapi?

KARANI: Sita. Mama Pacha mimba yake imetoka wiki ya tatu hii. Alienda ofisini kwa meneja mara mbili, vidole havishiki hata sindano. Akamwambia, "Mama, unalalia mkono." Watu wakacheka. Mimi nilicheka, shemeji.

FUNDI: Hicho kikaratasi kinasemaje? Nisomee neno kwa neno.

KARANI: "Mtu wa mitambo, saa nane. Mashine ya stoo isafishwe yote kabla ya wakaguzi wa Ijumaa."

FUNDI: Ya stoo tu? Hapo kuna ofisi ngapi zenye kompyuta?

KARANI: Tano.

FUNDI: Anayewinda aliyejaza fomu angepekua zote tano. Huyo mtu wa mitambo haji kutafuta kitu, shemeji. Anakuja kufuta.

KARANI: Na mimi nilikuwa namfutia bure.

FUNDI: Ondoa tiki kwenye historia. Umeondoa? Acha ya fomu peke yake, muda wote. Bonyeza.

KARANI: Inazunguka... Imekwisha. Naandika M. Hakuna kitu. K, hakuna. Wamefichika, wote.

FUNDI: Sasa hiyo historia. Pale una printa?

KARANI: Ya hati za mzigo. Inapiga kelele kama mashine ya kusaga.

FUNDI: Ichapishe. Tarehe na saa vionekane.

(Mlio wa printa.)

FUNDI: Naisikia mpaka huku! Ziba mlango!

KARANI: Mlango wenyewe wa wavu. Ya kwanza imetoka. Ya pili... Shemeji, nasikia viatu koridoni.

FUNDI: Zima!

KARANI: Bado moja, yenye ile ya mimba.

FUNDI: Acha hiyo, utaponzwa!

KARANI: (kwa sauti kubwa) Ndiyo, dada! Madumu ya gundi ndiyo nachapisha orodha yake sasa hivi!

FUNDI: Ameingia?

KARANI: Eeh, sasa hivi. Karibu, kaka, kiti hicho. Nakupisha, namalizia mzigo. Ndiyo, dada, nakusikia.

FUNDI: Anatazama karatasi?

KARANI: (kwa kunong'ona) Hapana, anatafuta soketi. (kwa sauti) Orodha zako nazitia kwenye bahasha ya dereva wa maboksi. Anatoka saa nane na nusu. Msimamie barabarani, ng'ambo ya geti.

FUNDI: Nimekuelewa. Zote tatu?

KARANI: Tatu. Namalizia kusaini.

FUNDI: Kusaini nini? Shemeji, usiweke jina! Tumetoka kufuta majina sasa hivi!

KARANI: Dada, hii ni stoo. Hakuna karatasi inayotoka hapa bila jina la karani, tarehe na saa.

FUNDI: Watakufukuza kabla ya Ijumaa!

KARANI: (kwa kunong'ona) Bila jina, meneja atawaambia wakaguzi karatasi imetungwa mtaani. Ya wale kumi na moja tumeyaficha. Lazima pawe na mtu wa kuulizwa.

FUNDI: Shemeji, nisikilize kwanza, mimi najua wanavyo—

KARANI: Salio linaisha. Mwambie dada yangu asinipigie leo. Wewe kimbia tu barabarani, dereva yule hana subira na—

FUNDI: Haloo? Shemeji? Haloo!