Mafuta ya Upako kwenye Mlango wa Chuo

Ndugu zangu, Bwana asifiwe! Na ninyi mlioketi nyuma, itikeni, maana ushuhuda huu ni wenu.

Mimi ni Mama Neema, nasuka nywele hapa mtaa wa Berea, huku kusini mwa Afrika. Nilitoka Bukavu na diplome yangu ya sekondari nimeifunga ndani ya nailoni kama kitoto kichanga. Nilitaka kusomea umeme. Chuoni wakanipa mtihani wa hesabu, nikaanguka. Wakasema nikae kwanza miezi sita darasa la maandalizi, pamoja na vijana waliomaliza shule juzi, halafu nirudie mtihani.

Ndugu zangu, niliwaka! Mimi, mama wa mtoto, nirudishwe kujifunza nusu na robo? Nikasema hiyo ni roho ya kurudisha watu nyuma. Nikafunga siku tatu, nikalikemea lile darasa, nikamkemea na dada wa ofisi aliyeniandikia barua. Siku ya nne nikaenda na chupa ya mafuta ya upako kupaka mlango wa chuo.

Nimeshapaka kitasa, mlinzi akanidaka mkono. Kumbe ni Papa Josué, yule anayeimba besi kwaya yetu. Nikamwambia Mungu amenituma kuufungua mlango. Akatazama kitasa kinavyoteleza, akakipangusa kwa mkono wa shati.

"Mama Neema, mlango huu haukufungwa. Kila asubuhi naufungua mimi. Paka kichwa chako, uende darasani."

Nilimnunia wiki nzima. Lakini nilienda.

Na huko ndiko nilikoona aibu yangu: nusu na theluthi sikuweza kuzijumlisha. Miaka yote nilikariri majibu bila kuelewa swali, na walimu wakanipigia makofi. Hao ndio ninaowakasirikia mpaka leo, Bwana anisamehe. Mwalimu wetu, mama wa Kizulu, akaleta kota, ile robo ya mkate yenye chipsi tunayokula sote barabarani. Akaikata katikati, akauliza kila kipande ni sehemu gani ya mkate mzima. Moja ya nane! Nilijibu mimi kabla ya wale vijana, na kipande nikala.

Juzi nimerudia mtihani. Nimeshinda, ndugu zangu! Muhula ujao naanza umeme. Asante Yesu, uliyeniacha niwake, kisha ukanikalisha dawatini.

Sasa, najua humu kuna watu wameficha barua ya chuo ndani ya Biblia. Itoeni. Mtumainini Mungu, na kesho mwende. Papa Josué yuko mlangoni tangu saa moja asubuhi. Mwambieni nimewatuma mimi, na mafuta myaache nyumbani.